Setilaiti ya Uhuru na Upimaji wa Vihisi vya Nyota

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za anga, ambayo ikaitwa Uhuru. Setilaiti hiyo ilijizungusha polepole, takriban dakika 12 kwa kila mzunguko, na vipokezi vyake vilitambua eksirei bila kuonyesha kwa usahihi zilikotoka. Kujua zilikotoka kulitegemea vihisi vya jua na vya nyota, yaani vifaa vinavyotambua mianga ya angani ili mwelekeo wa chombo ukokotolewe.

Vihisi vya leo hupiga picha ya anga na kuilinganisha na orodha ya nyota iliyomo katika kompyuta, na nyingi kati ya nyota hizo ni zilezile ambazo mtu huziona kwa macho matupu usiku usio na mwezi. Lakini kihisi hujua mwelekeo wake chenyewe tu, si wa darubini iliyofungwa kando yake. Kwa hiyo, kabla ya safari, mchemraba mdogo wenye nyuso za kioo hugandishwa kwenye kihisi na mwingine kwenye darubini, kisha teodolaiti, chombo cha kupimia pembe, huelekezwa kwa kila mmoja hadi mwanga wake urudi kwa njia uliyoendea, na pembe baina ya vioo husomwa.

Nyuzi moja ya pembe ina dakika 60, na kila dakika sekunde 60; kwa setilaiti iliyo kilomita 500 juu, kosa la sekunde moja huhamisha alama ardhini kwa mita 2.4, na la dakika moja kwa mita 145. Kihisi hupimwa pia mbele ya nyota ya bandia, yaani tundu dogo lenye mwanga nyuma ya lenzi inayoifanya miale iende sambamba, halafu chombo hutikiswa, hupashwa joto na kupoozwa ndani ya ombwe, na vioo kupimwa upya.

Kipimo hicho cha pili ndicho chenye uzito zaidi, wala hakistahili kurukwa hata muda ukibana, kwa sababu pembe isiyo sifuri hurekebishwa kwa hesabu, ilhali pembe inayobadilika bila kujulikana hupotosha kila kitakachopimwa. Tukirudi kwa Uhuru, orodha yake ya nne, iliyochapishwa 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.