Dawa ya Dukani na Kipimo Chake

Majengo, Mombasa, ni mtaa wa kununua kidogo kidogo: sukari robo, mafuta ya kupimiwa, vidonge viwili vilivyokatwa kwa makasi kutoka kwenye karatasi yake. Kemisti zikishafunga usiku, duka la pembeni ndilo linalobaki wazi, na mtoto anayeharisha hangoji kupambazuke. Wako wataalamu wanaowaambia watu wasiyategemee maduka haya kwa lolote linalohusu afya. Mimi sioni faida ya katazo hilo. Vitu vingi vya huduma ya kwanza viko pale pale rafuni. Kinachokosekana ni kipimo, yaani gramu, lita, saa na dakika zinazokifanya kitu cha jikoni kiwe dawa.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kilizuka katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Maji ya dripu yaliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa glukosi, chumvi ya mezani na bikaboneti, ile inayotiwa kwenye keki. Kwa kila lita ya maji alitia glukosi gramu 22, chumvi gramu 3.5 na bikaboneti gramu 2.5. Vifo vilivyokuwa vimefika karibu asilimia 30 ya wagonjwa vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho muuza duka angekiona kigeni. Kazi kubwa ilifanywa na mizani.

Siri yenyewe iko kwenye utumbo. Sukari na chumvi hupenya ukuta wake kwa pamoja na kuvuta maji nyuma yao, hata mgonjwa akiwa bado anaharisha. Sukari ikizidi, maji hurudi tumboni na kuhara kunaongezeka. Chumvi ikizidi, ubongo wa mtoto huweza kudhurika. Kwa hiyo, kama pakiti za ORS, yaani mchanganyiko wa aina hiyo uliopimwa tayari, zimekosekana, chukua maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko. Kila kijiko kipanguswe juu kwa kisu kisibaki na mlima. Lita yenyewe si ya kukisia: chupa mbili za soda za nusu lita, zilizooshwa, zinatosha kuipima. Pakiti ikipatikana ni bora zaidi, lakini soma maandishi yake kwanza, kwa kuwa zipo za nusu lita na zipo za lita nzima. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilishauri pia vidonge vya zinki kwa watoto, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Mtoto aliyeshindwa kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye damu kwenye choo au aliyelegea na kusinzia, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Homa ndiyo inayouza vidonge vingi zaidi, na hapa makasi ya muuza duka yana madhara. Tarehe ya kuisha muda huchapwa upande mmoja wa karatasi, na jina la dawa huenda likabaki kwenye kipande alichopewa mwenzako. Baadhi ya vidonge vya kichwa vya dukani huchanganya parasetamoli, aspirini na kafeini. Mombasa imepata milipuko ya dengue, ikiwemo ya 2013 na 2017, na mbu wake huzaliana kwenye mapipa na mitungi tunayowekea maji majumbani. Dengue inaweza kuleta kutokwa na damu, na aspirini huizuia damu isigande. Ibuprofeni nayo iepukwe mpaka ijulikane homa ni ya nini. Basi mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi nzima kabla hajaikata, usome kilichomo. Unachotafuta ni parasetamoli peke yake: kwa mtu mzima, vidonge viwili vya miligramu 500, kwa nafasi ya angalau saa nne, na visizidi vinane kwa siku. Vikizidi hapo ini ndilo linaloumia, na huumia kimya kimya. Parasetamoli hushusha homa tu. Homa isiyotulia inataka kupimwa malaria.

Kwa aliyeungua kwa mafuta ya viazi karai au chai ya moto, dawa ya kwanza ni maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Nyumba isiyo na bomba itumie beseni, na maji yabadilishwe yakianza kupata joto. Dawa ya meno, samli, yai na unga huchafua kidonda tu. Baadaye funika kwa ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, uilaze juu bila kuizungusha na kukaza. Jeraha la kuungua la usoni, la mkononi, la sehemu za siri, au linalozidi kiganja cha mgonjwa ni la hospitali. Mkono ulioteguka nao una kifaa chake nyumbani: leso iliyokunjwa pembetatu na kufungwa nyuma ya shingo huubeba vizuri hadi kwa daktari.

Mtungi wa udongo nao una nafasi yake, kwa wanaoutumia kuipoza insulini. Mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliotokana na joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab. Walionyesha kuwa insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu yake. Hii ni habari njema kwa mwenye kisukari asiye na friji, lakini Dadaab ni kukavu. Mtungi hupoa kwa kutoa mvuke, na hewa ya Mombasa, iliyojaa unyevu wa bahari, haipokei mvuke mwingi. Mtungi wa Majengo utakukinga na jua na joto la paa la mabati, ila hautafikia ubaridi wa ule wa Dadaab. Chupa isiyofunguliwa ibaki kwenye friji, hata ya jirani. Andika juu ya chupa tarehe uliyoianza, na uzungumze na kliniki yako kabla ya kubadili utaratibu.

Antibiotiki si za kununua mbili mbili. Kipimo chake ni siku, na anayekatisha siku kwa sababu pesa zimeisha anaweza kurudi na maradhi sugu zaidi. Hizo ni za cheti cha daktari na za kemisti yenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo unayo haki ya kuiona ukutani.

Ukiwa hapo kemisti, nunua bomba la mililita 5 lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani, lakini dawa ya maji ya mtoto hupimwa kwa uzito wa mwili wake: parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10, kwa dawa yenye miligramu 120 katika mililita 5, hupewa bomba moja, na si zaidi ya mara nne kwa siku. Kabla hujaondoka, mwambie mfamasia akuchoree alama kwenye bomba kulingana na uzito wa mwanao. Ni kazi ya dakika moja, nayo ni sehemu ya kazi yake.