Vivumishi pekee haviuzi kiondo

Mwanafunzi wangu mmoja huuza mtandaoni viondo anavyosuka mamake. Tangazo lilisema: “Kiondo kizuri, bora kabisa, bei nafuu.” Wateja wakapita tu, naye akataka kushusha bei. Ati bei! Kasoro ilikuwa vivumishi. “Kizuri” ni hukumu ya muuzaji, na mnunuzi wa mtandaoni hawezi kukishika kiondo akahakikisha. Anahitaji nomino na vitenzi: “Mama amekisuka kwa katani, kwa mkono, siku 10. Mikanda ni ya ngozi. Kimo chake ni sentimita 30. Daftari linaingia bila kukunjwa.”

Nilipendelea “amekisuka” badala ya “kimesukwa”, kwani kauli ya kutendwa humficha aliyesuka, na siku zake 10 ndizo zinazoeleza bei. Lakini kama alichanganya nailoni, basi tuandike nailoni.