BOMBA LIKIZIBA, FUNDI AAMBIWE KWELI



Maji ya bafu yanapokataa kwenda, wengi wetu hapa Gisenyi humwaga dawa kali ndani ya bomba, na ikishindikana ndipo tunamwita fundi. Fundi anafika, anaingiza mkono wala hajui kilichomo. Ngozi inaungua, na pengine jicho. Desturi hii lazima ikome. Kwa hiyo tutaeleza kwanza namna ya kujua mahali palipoziba, kisha tutasema juu ya haki ya fundi.

Kwanza, tazama ni maji ya wapi yanayokataa. Kama ni beseni la kunawia peke yake, kasoro iko karibu: nywele na sabuni vimekwama katika kona ya bomba chini ya beseni. Weka ndoo, fungua kona hiyo, isafishe, uirudishe. Kama ni tundu la sakafu ya bafu, inua kifuniko, vuta nywele kwa waya uliopindwa ncha, kisha tumia mpira wa kuzibulia.

Kama beseni, bafu na choo vyote vimekataa pamoja, usihangaike na waya. Funua kisanduku cha ukaguzi kilicho nje ya nyumba. Kikiwa kimejaa, basi pameziba mbele, upande wa shimo, au shimo lenyewe limejaa. Kikiwa kitupu, pameziba nyuma, upande wa nyumba. Kwa kutazama tu, umeokoa nusu siku ya kazi.

Pengine hakuna kilichoziba, ila harufu inapanda. Ile kona ya bomba hubaki na maji ya kina cha sentimeta 5 hivi, nayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimo. Katika vyumba vya wageni vinavyokaa bila mtu, maji hayo hukauka. Mwaga lita moja au mbili, harufu itakoma.

Tusisahau pia ardhi yetu. Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba nyingi za Rubavu. Bomba lililozikwa nalo laweza kupasuka au kupoteza mteremko. Bomba la choo la milimita 100 kwa kawaida huwekwa lishuke sentimeta 2.5 hivi kwa kila mita. Likiziba mara kwa mara mahali pale pale, dawa haifai kitu, lichimbuliwe. Kuchimba jiwe la volkeno ni kazi ngumu, na kazi ngumu ilipwe inavyostahili.

Sasa haki ya fundi. Mwenye nyumba aseme alichomwaga kabla fundi hajafungua kitu. Asichanganye dawa mbili, kwani klorini ikikutana na asidi hutoa hewa ya sumu. Na mtu asitumwe kushuka shimoni. Mle mna hewa inayonuka kama yai bovu. Ikizidi, pua haiisikii tena, na mtu huanguka. Anayeshuka kumwokoa huanguka naye. Shimo linyonywe kwa gari la pampu.

Haya si maombi ya huruma. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayeacha kazi kwa sababu nzuri ya kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini. Sheria ya kazi ya Rwanda Na. 66/2018 nayo, katika mambo ya usalama na afya kazini, inamhusu hata mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Kibarua wa siku moja naye yumo.

Basi, ndugu, ukiitwa kuzibua bomba, uliza kwanza: mmemwaga nini humu? Usipojibiwa, mfuko wa vifaa ubaki umefungwa.