Likasi: Bukari jikoni, katuni kwenye televisheni, mtoto anajifunza wapi?

Kila siku malori ya madini yanapita Likasi yakitoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, na madereva wengi wanasimama hapo kula. Katika malewa za mji huu wa Haut-Katanga, sahani ni zile zinazojulikana Katanga nzima: bukari ya moto, sombe, lengalenga, samaki Thomson, na kikanda iliyokatwa vipande. Kando ya jiko, mara nyingi wanakaa watoto wa mama wapishi. Wametoka shule na nyumbani hakuna mtu wa kuwaangalia. Macho yao yako kwenye televisheni ya wateja.

Swali la wazazi ni moja: wanaangalia nini?

Jibu moja linatoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, linatengeneza katuni za masomo kwa Kiswahili. Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Kwa wadogo kuna Akili and Me: Akili ni msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro. Akilala, anaingia Lala Land, ambako yeye na rafiki zake wanyama wanajifunza herufi, hesabu na kuchora.

Si mchezo tu. Utafiti uliofanywa Morogoro, Tanzania, kwa watoto zaidi ya 500, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba walioangalia Akili and Me waliwapita wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na kujua maumbo.

Lakini kwa mtoto wa Likasi kuna kizuizi cha kwanza: maneno. Katuni ikisema ugali, kwake ni bukari. Kisamvu ndiyo sombe, na mchicha ndiyo lengalenga. Mama anayepika yuko hapo hapo. Neno moja kutoka kwake linatosha mtoto aelewe, na mtoto anabaki na maneno mawili badala ya moja.

Kizuizi cha pili ni umeme. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, hayako mbali na Likasi, na migodi inahitaji umeme mwingi. Nyumba nyingi zinabaki gizani. Umeme ukikatika, katuni nayo inakatika.

Hapo jiko linabaki kuwa darasa. Unga unapimwa kwa meka, fungu za lengalenga zinahesabiwa, mteja anarudishiwa chenji. Hizo zote ni hesabu, na hazihitaji umeme.

Kikanda nayo ina somo lake la sayansi. Wengi wanaila bila kujua kwamba inatokana na viazi vidogo vya maua ya pori yanayoitwa okidi. Vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha vinapikwa mpaka vishikane kama keki. Kumbe ukichimba kiazi, mmea wenyewe unakufa. Biashara hiyo imepunguza okidi katika sehemu nyingi za eneo hili. Kusini mwa Tanzania, viazi vya uwanda wa Kitulo vilichimbwa sana na kuuzwa Zambia. Mwaka 2005 uwanda huo ulifanywa hifadhi ya taifa, na kulinda maua hayo ilikuwa moja ya sababu.

Mtoto anayejua hilo ataelewa kwa nini wachimbaji wanatembea mbali zaidi, na kwa nini chakula kinachosifiwa Katanga kinaweza siku moja kukosekana sokoni.

Kwa mzazi wa Likasi, basi, kazi si kuchagua kati ya televisheni na jiko. Umeme ukiwepo, achague katuni inayofundisha, akae dakika chache na mtoto. Ukikatika, amwite karibu na sufuria na kumuuliza: meka tatu za unga, kila meka ni bei gani, jumla tunalipa ngapi?