Istanbul na Venice: Mji Nilioupenda na Mji Nisiotamani Kuurudia

Mtu akirudi kutoka ng'ambo, watu wa kwao humwuliza maswali mawili: ni mji gani uliompendeza kupita mingine, na ni mji gani asiotamani kuuona tena. Mimi nimeulizwa maswali hayo ofisini, kanisani, na hata shambani kwa baba mkwe wangu, na majibu yangu huwashangaza wengi. Mji nilioupenda ni Istanbul, katika nchi ya Uturuki. Mji nisiotamani kuurudia ni Venice, katika Italia, ambao picha zake zimetundikwa ukutani katika nyumba za watu dunia nzima. Basi yafaa nieleze sababu zangu, msomaji apate kuamua mwenyewe kama nina haki au sina.

Safari yenyewe ilikuwa ya kazi. Mwezi wa Mei, mwaka wa 2024, nilipelekwa kwa mafunzo ya majuma matatu katika mji wa Padova, kaskazini ya Italia, na kutoka Padova hata Venice ni mwendo wa nusu saa tu kwa treni. Wakati wa kurudi ndege ilipitia Istanbul, nami nikaomba siku nne za likizo nikae huko kwa fedha zangu. Fedha hizo zilikuwa za karani, wala si za waziri, na msomaji asilisahau jambo hilo, maana mji hauonekani sawasawa kwa mwenye mfuko mzito na kwa mwenye mfuko mwepesi.

Nilikwenda Venice nikiwa nimekwisha kuupenda kabla ya kuuona. Niliwahi kufanya kazi Lamu kwa miaka miwili, na kila nililosoma juu ya Venice lilinikumbusha Lamu: mji wa kale uliozungukwa na maji, vichochoro vyembamba visivyopita motokaa, nyumba za ghorofa zilizobanana bega kwa bega, na vyombo vya majini vinavyoleta kila kitu, tangu saruji hata mboga. Lamu ina punda. Venice haina hata punda; ina mikokoteni ya mkono ambayo wanaume huipandisha na kuiteremsha katika ngazi za madaraja, na madaraja yenyewe yapita 400. Visiwa vyake ni zaidi ya 100, na majumba yake yamesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa katika matope karne nyingi zilizopita. Sisemi kwamba si mji mzuri. Ni mzuri ajabu, na mtu asemaye vingine hakuwa na macho siku ile.

Jumamosi niliyofika, mgeni wa kutwa alitakiwa awe amelipa ada ya kuingia mjini, euro 5, yaani kama shilingi 700 za Kenya. Ada hiyo ilianza kutozwa tarehe 25 Aprili mwaka ule ule, kwa siku zilizochaguliwa tu, na kwa wale waingiao kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Tiketi ya kupanda boti ya abiria mara moja ilikuwa euro 9 na nusu. Nililipa ada, nikaenda kwa miguu. Walakini si fedha zilizonitia simanzi, kwa kuwa mji uliolemewa na wageni una haki ya kuwatoza. Lililonitia simanzi ni kwamba nilitembea kwa saa nzima nikimtafuta fundi viatu, maana soli ya kiatu changu ilikuwa imeanza kufunguka mdomo, nami nikaona maduka ya barakoa za kuvaa usoni, ya vyombo vya kioo, ya barafu tamu, kisha tena ya barakoa, lakini fundi viatu sikumwona. Mama mmoja mwenye duka alicheka, akaniambia niende Mestre, ng'ambo ya daraja la reli, katika nchi kavu. Huko ndiko wakaako watu, alisema.

Nikadhani ni mzaha. Lakini karibu na daraja la Rialto lipo duka la dawa ambalo katika dirisha lake, tangu mwaka wa 2008, pamewekwa kibao cha taa kinachoonyesha hesabu ya wenyeji waliosalia katika mji wa kale. Mwaka wa 1951 wenyeji hao walikuwa kama 175,000. Mwaka wa 2022 walipungua wakawa chini ya 50,000. Nilisimama mbele ya dirisha lile kwa kitambo, kama mtu asimamavyo penye orodha ya waliofaulu mtihani akitafuta jina la ndugu yake.

Sababu zake si moja. Wengi walihama zamani wakifuata kazi, na nyumba za bei nafuu zisizoingiwa na maji, hasa baada ya Novemba 1966, bahari ilipopanda sentimita 194 juu ya kipimo chake cha kawaida na kuufunika mji. Baadaye likaja jambo la pili: mwenye nyumba aliona kwamba mgeni wa siku mbili humletea faida kubwa kuliko mpangaji wa mwaka mzima. Mpangaji akiondoka, mwanawe huondoka katika shule, na mwuza maziwa humkosa mnunuzi, na fundi viatu naye hufunga duka. Tangu Oktoba 2020 kuna milango mikubwa ya chuma katika malango ya bahari, ambayo huinuliwa ili kuzuia mafuriko, nayo yamefanya kazi vizuri. Maji yamepatiwa kizuizi. Kuhama kwa watu hakuzuiliwi kwa chuma.

Katika uwanja mkubwa, Mzungu mmoja mgeni aliniuliza mkoba wangu ni bei gani. Alidhani mimi ni mmoja wa vijana wa Afrika ya Magharibi wauzao mikoba pale. Nilimjibu kwamba una karatasi za serikali ndani yake, kwa hiyo bei yake ni kubwa mno. Tukacheka wote wawili.

Juu ya mlango wa kanisa la Mtakatifu Marko, katika uwanja huo huo, wamesimama farasi wanne wa shaba. Hao ni nakala. Wenyewe wa asili wamehifadhiwa ndani. Farasi hao hawakuzaliwa Venice. Walitekwa Constantinople, ndiyo Istanbul ya leo, mwaka wa 1204, wapiganaji wa Msalaba pamoja na watu wa Venice walipoushambulia mji ule na kuupora. Basi nilipofika Istanbul, mahali pa kwanza nilipotaka kupaona ni pale farasi walikotolewa. Ni uwanja mrefu uliokuwa wa mashindano ya magari ya farasi, na katikati yake umesimama mnara wa jiwe moja uliochongwa Misri katika zamani za Farao Thutmose wa Tatu, ukasimamishwa hapo mwaka wa 390. Nikafurahi kukuta Mwafrika aliyenitangulia kwa muda mrefu namna ile.

Kisha nikapanda feri. Hapo ndipo Istanbul uliponiteka. Mji huo uko nusu Ulaya na nusu Asia, bahari imepita katikati, na ingawa daraja la kwanza la Bosphorus lilifunguliwa mwaka wa 1973, na treni ya chini ya bahari mwaka wa 2013, watu wengi sana bado huvuka kwa feri kila siku. Kwa kadi ya usafiri ya mji, nauli ilikuwa chini ya euro moja. Kutoka Eminönü hata Kadıköy ni kama dakika 20 au zaidi kidogo, na ndani yake wamo makarani wenye mikoba, mama wenye vikapu, wanafunzi, na mafundi wenye sanduku za vyombo. Mchuuzi hupita na chai katika bilauri ndogo zenye kiuno chembamba. Abiria humegea shakwe mkate wa duara wenye simsim, nao huudaka hewani. Mtu wetu aliyezoea feri ya Likoni angejiona nyumbani, ila angeshangaa kuletewa chai.

Siku ya pili, mzee mmoja aliyeketi karibu nami alilipa chai yangu kabla sijatia mkono mfukoni. Hakujua lugha yangu wala mimi yake. Alionyesha msikiti wa Süleymaniye juu ya kilima, uliomalizika kujengwa mwaka wa 1557, akagusa kifua chake. Nilikwenda kuutazama; nilivua viatu, sikudaiwa hata senti. Na viatu hivyo vilikwisha kushonwa, katika kichochoro nyuma ya soko, huku nikingoja kwa soksi.

Si kwamba Istanbul hauna kasoro. Vilima vyake huvunja magoti, msongamano wa magari yake waweza kuufanya wa Nairobi uonekane kama mchezo, wauza mazulia hawajui neno hapana, na Hagia Sophia, iliyojengwa mwaka wa 537, ilimtoza mgeni euro 25 mwaka ule. Wageni waingiao huko kwa mwaka ni mamilioni. Lakini wenyeji wapita milioni 15, kwa hiyo mgeni huzama kati yao kama chumvi katika mchuzi.

Niliporudi nilimpigia simu rafiki yangu wa Lamu, mji ambao uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2001. Nilimwuliza juu ya jirani zetu wa zamani kule Shela. Alinitajia nyumba moja moja: hii imenunuliwa na Mzungu, hii imekuwa ya wageni, hii imefungwa hata Desemba. Nikamwuliza kama fundi wa kushona viatu karibu na soko yupo. Akasema yupo.

Ikiwa msomaji atapata bahati ya kwenda Venice, na asiache kwenda kwa ajili ya maneno yangu, apande treni ya kwanza kabisa. Jumamosi yangu ya pili nilifanya hivyo. Wageni walikuwa bado wamelala, na penye soko la Rialto mashua zilikuwa zikishusha mboga na samaki, wanaume wakiitana kwa sauti juu ya maji, na bibi mmoja mwenye kikapu akibishana juu ya bei ya kitunguu.