Damu ya Newala na Haki Isiyoandikwa

Mnamo katikati ya mwaka 1952 homa ngeni iliingia katika uwanda wa juu wa Makonde, ikaenea vijiji vya Newala na Masasi hata ikafika Lindi, nayo ilikuwa ikimshika mtu kwa ghafula na kumkunja viungo kwa maumivu makali, ambayo kwa wengine yalidumu miezi mingi baada ya homa yenyewe kuondoka. Wenyeji waliiita chikungunya. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, W. H. R. Lumsden akachunguza uenezi wake katika nchi ile ambamo maji ni adimu, na watu, kwa kuwa hawana budi kuyaweka akiba mitungini majumbani, huishi pamoja na mbu aina ya Aedes aegypti, wanaotaga mayai katika mitungi hiyo hiyo; na R. W. Ross akaipata seramu ya wagonjwa wa Newala, iliyotolewa mwaka 1953, akaidunga katika vitoto vya panya, na kwa njia hiyo kirusi kikadhihirika.

Je, mgonjwa yule aliyenyoosha mkono wake akatolewa damu ana haki gani katika elimu iliyozaliwa kwayo? Tamko la Helsinki juu ya maadili ya utafiti lilikuja 1964, na nchini Tanzania sheria iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikapitishwa 1979. Leo mtafiti hana ruhusa ya kuanza kazi pasipo kibali cha maadili na ridhaa ya mgonjwa, wala sampuli haivuki mipaka pasipo mkataba. Hayo ni mema, lakini ridhaa ni ya mtu mmoja, ilhali maradhi yale yaliwapata watu wa uwanda mzima.

Novemba 2023 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya chikungunya, iliyokusudiwa zaidi wasafiri, kisha Agosti 2025 ikaisitisha kwa ajili ya usalama. Insafu yanipasa niseme kwamba kirusi cha chanjo ile kilitoka La Réunion, si Newala; basi anayetaka kudai kwa hoja ya nasaba ya kirusi hatapata kitu. Deni ninaloliona mimi limesimama juu ya maarifa, na maarifa hayana hati ya kumiliki.

Mkataba wa majanga ya maradhi uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025 wataka watengenezaji watakaojiunga na mpango wake walenge kutoa asilimia 20 ya chanjo zao wakati wa janga, na angalau nusu yake iwe bure; amma homa isiyofikia daraja la janga la dunia imeachwa nje ya fungu hilo, nayo aghalabu ndiyo homa ya vijijini. Kwa hiyo naona ni wajibu wa kamati zetu za maadili, ambazo tayari zina mamlaka ya kukataa, kukataa kila mkataba wa sampuli usioitaja wilaya ilikotoka sampuli: matokeo yatasomwa wapi na kwa lugha gani, vipimo vingapi vitabaki katika hospitali yake, na dawa ikipatikana itauzwa huko kwa bei ipi.