Hedifoni Zisizo na Waya: Kwa Nini Sauti Huchelewa?

Mtu amtazamaye mkata kuni aliye ng'ambo ya bonde huliona kwanza shoka likitua, ndipo ausikie mlio wake. Sababu yafahamika: mwanga hufika mara moja, ilhali sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban meta 340 kwa sekunde. Jambo kama hilo humpata mtazamaji wa televisheni avaaye hedifoni zisizo na waya: midomo ya msemaji hutangulia, maneno yakafuata. Lakini hapa kosa si la hewa.

Hedifoni hizi huhitaji kirusha mawimbi, kinachounganishwa na televisheni au amplifaya, na kipokezi kilichomo ndani ya hedifoni zenyewe. Miongoni mwa njia za kuvusha sauti baina ya viwili hivyo ni hizi tatu.

Ya kwanza ni mionzi ya infraredi. Mionzi hii haipenyi ukuta, tena huvurugwa na jua kali. Msikilizaji hana budi kukaa chumba kimoja na kirusha. Ya pili ni mawimbi ya redio ya analojia, ambayo hupenya kuta lakini huweza kuingiliwa na vyombo vingine. Katika mfumo wa analojia, kuchelewa kwa sauti hakutambuliki.

Ya tatu ni Bluetooth, itumiayo mawimbi ya gigahezi 2.4. Hapa sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, tarakimu hubanwa ziwe chache, kisha hurushwa kwa mafungu. Hedifoni huweka mafungu kadhaa akiba kabla ya kuyarudisha kuwa sauti, ili fungu likipotea lipate kurushwa tena pasipo usikivu kukatika. Kazi hiyo mara nyingi huchukua sekunde 0.1 hadi 0.2, au zaidi. Zidisha 0.2 kwa 340, nawe utapata 68: ni sawa na kumsikiliza msemaji aliye umbali wa meta 68! Kwa muziki haidhuru; kwa filamu hukera.

Anayeunganisha vyombo hivi na azingatie mambo manne:

1. Kirusha kichomekwe katika tundu la hedifoni au matundu ya kutolea sauti, kamwe si mahali pa nyaya za spika, ambapo nguvu ya umeme huweza kukiharibu.

2. Tundu la hedifoni mara nyingi hunyamazisha spika. Ikiwa mzee asiyesikia vizuri atavaa hedifoni na wengine wasikilize spika, yafaa kutumia matundu ya kutolea sauti.

3. Ipo mifumo ya ubanaji ichelewayo kidogo, lakini hufaa tu iwapo kirusha na hedifoni vyote vinayo.

4. Sauti ianzie chini. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wasizidi saa 40 kwa juma katika kiwango cha desibeli 80.

Basi, kabla ya kununua, ni vema kujiuliza: je, ni za kusikilizia tu, au za kutazamia pia? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha njia ifaayo.